Jiko moja, vyeti tofauti: namna ya kuwapokea wasiostahimili gluteni katika kikundi cha wenye siliaki

Alikuja mara moja tu. Mama wa makamo, mzaliwa wa Tanga, ameishi Uingereza miaka mingi. Akaketi karibu na mlango, koti hakulivua. Zamu yake ilipofika akasema, "Mimi vipimo vimetoka safi, daktari ameniambia sina siliaki. Lakini nikila chapati moja tu tumbo linajaa kama ngoma, kichwa kinazunguka, na kazini siendi siku mbili." Mwenzetu mmoja, aliyehangaika miaka 9 na kuharisha huku akiambiwa ni mawazo, akamjibu, "Basi mshukuru Mungu, dada, wewe huumwi." Watu wakacheka kidogo. Yule mama naye akacheka. Mwezi uliofuata hakuonekana.

Mimi ndiye ninayeratibu kikundi hicho cha wenye siliaki, maradhi ya utumbo yanayochokozwa na ngano, na siku ile nilikuwa nimeshika birika la chai, sikusema neno. Tumo Waswahili wa Mombasa, Unguja na Dar, na wawili watatu kutoka Bukavu. Hukutana Jumamosi moja kwa mwezi katika ukumbi wa mtaa. Tangu siku ile tumebadili mambo mengi, mengine kwa kukosea kwanza. Ninayoyaandika hapa ni kwa yeyote anayeendesha kikundi cha namna hii, kiwe cha watu 6 sebuleni au 60 ukumbini, na ambaye ameshagonganishwa na swali hili: huyu asiye na cheti cha siliaki, tumfungulie au tumfungie?

Jibu langu ni kumfungulia. Ila kuna namna ya kufungua mlango inayoleta ugomvi kuliko kuufunga.

Hatua ya 1: Jueni mnazungumzia maradhi gani

Ugomvi mwingi niliouona ulitokana na watu watatu wenye hali tatu kutumia neno moja.

Siliaki ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Mgonjwa akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya Ulaya inayookewa mikate myeusi), kinga yake hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Vile vijinywele vya utumbo vinavyofyonza chakula husinyaa vikawa bapa. Hapo ndipo utakuta upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, mifupa kudhoofika, mtoto kudumaa, mimba kuharibika, au ngozi kutoka malengelenge yanayowasha viwikoni na magotini. Duniani hukadiriwa mtu 1 katika kila 100. Wapo wanaosema ni ugonjwa wa Wazungu. Waambieni kuhusu Wasahrawi wa Sahara Magharibi: uchunguzi wa watoto wao uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kiasi cha 5.6 katika kila 100, miongoni mwa viwango vikubwa kabisa vilivyowahi kuandikwa.

Mzio wa ngano ni jambo jingine. Huja haraka, kwa kuvimba midomo, vipele, kifua kubana, na unaweza kuua kwa dakika. Mwenye mzio huo huenda akala shayiri bila taabu. Akija kikundini mpokeeni, lakini hakikisheni anatembea na dawa aliyopewa na daktari, na kwamba angalau watu wawili wanajua anapoiweka.

Hali ya tatu ndiyo ya yule mama: kutostahimili gluteni pasipo siliaki. Madaktari walianza kuiandika mwishoni mwa miaka ya 1970: watu wanaougua wakila ngano, wanaopona wakiiacha, na utumbo wao ukichunguzwa hauonyeshi uharibifu wa siliaki. Mpaka leo hakuna kipimo cha damu cha kuithibitisha. Mwaka 2014 wataalamu walikutana Salerno, Italia, wakakubaliana utaratibu: mgonjwa hupewa gluteni wiki moja na kitu kisicho na gluteni wiki nyingine, yeye wala anayempa bila kujua ipi ni ipi, kisha dalili zinalinganishwa. Ni utaratibu mzuri kwa watafiti. Ukimwomba daktari wa kawaida akufanyie, atakutazama tu.

Na hapa lazima tuwe wakweli kwa wageni wetu. Huenda kinachowasumbua wengi wao si gluteni hasa. Huko Oslo, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwachukua watu 59 waliokuwa wameacha gluteni wenyewe bila kuwa na siliaki. Walipewa vitafunio vya aina tatu kwa zamu: vyenye gluteni, vyenye fruktani, na visivyo na chochote kati ya hivyo. Fruktani, wanga unaopatikana kwenye ngano, ndiyo iliyowasumbua zaidi. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, walikuwa wamekaribia jibu hilo hilo mwaka 2013.

Wengine huzisoma habari hizi wakapiga kofi: "Si tulisema? Wanajisingizia!" Someni tena. Watu wale waliugua kweli. Ngano iliwadhuru kweli. Kilichobishaniwa ni jina la mhalifu aliyejificha ndani ya ngano. Kwa kikundi kama chetu hilo lina faida kubwa jikoni, kwa sababu fruktani imejaa pia kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu, na mchuzi gani wa kwetu hauanzi na kitunguu? Mwanachama aliyeacha ngano miezi 3 na bado tumbo linanguruma, msimwambie "utakuwa unakula ngano kwa siri." Mwambieni amwone mtaalamu wa lishe, aulize habari za fruktani. Watatu wetu wamepata nafuu hivyo.

Hatua ya 2: Swali la kwanza kwa mgeni ni moja

"Umeshapimwa siliaki? Na ulipopimwa, ulikuwa bado unakula ngano?"

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote zilizobaki, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili ziitwazo tTG-IgA. Kingamwili hizo huwapo mtu anapokula gluteni. Akiacha, hushuka taratibu, na utumbo nao huanza kupona. Sasa mtu aliyeacha mikate tangu mwaka jana kwa ushauri wa jirani, akienda kupimwa leo, anaweza kuambiwa yuko safi ilhali ni mgonjwa wa siliaki. Kwa hiyo aliyekuja kwenu akisema "mimi sina siliaki, ni kutostahimili tu" huenda hajawahi kupimwa sawasawa. Mkimfungia mlango, huenda mnamfungia mwenzenu wa damu.

Mwelekezeni hivi:

- Kama bado anakula ngano, asiache. Hata mkimhurumia, msimwambie aache kabla ya kipimo. Mwongozo wa afya wa Uingereza unataka mtu ale gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa muda usiopungua wiki 6 kabla ya kupimwa.
- Aombe tTG-IgA pamoja na jumla ya IgA, yaani kiasi chote cha kingamwili za aina hiyo mwilini. Wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kwao kipimo cha kwanza peke yake kitasema uongo.
- Kingamwili zikionekana, mtu mzima kwa kawaida hupelekwa kwenye kipimo cha kamera, vipande vidogo vichukuliwe mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Aendelee kula ngano mpaka siku hiyo. Watoto wenye kingamwili za juu sana, mara 10 ya kikomo au zaidi, madaktari wao wa Ulaya huwathibitisha kwa damu peke yake, wakichukua sampuli ya pili.
- Aliyekwisha kuacha ngano na haiwezi tena, aulize kipimo cha jeni za HLA-DQ2 na DQ8. Hicho hakihitaji kula chochote. Asipokuwa nazo, siliaki karibu iondolewe kabisa. Akiwa nazo bado si ushahidi, maana watu 30 hadi 40 katika kila 100 wanazo na walio wengi hawaumwi.

Mkiwa Afrika Mashariki, kipimo cha tTG hutakikuta kwenye zahanati. Ulizeni maabara kubwa za mijini. Na kuharisha kwa muda mrefu kuna sababu nyingi zinazopaswa kutazamwa kwanza: giardia (vimelea vya utumbo), kifua kikuu cha tumbo, virusi vya Ukimwi, na maziwa. Ndiyo, maziwa. Watu wazima wengi wa kwetu hawayeyushi vizuri sukari ya maziwa, na anayelaumu andazi la asubuhi huenda mwenye kosa ni chai ya maziwa iliyolisindikiza.

Akishapimwa sawasawa na jibu likawa hapana, hapo ndipo anaposema kwa haki kwamba hana siliaki. Msimtume kupimwa tena na tena ili mumwamini.

Hatua ya 3: Andikeni kikundi ni cha nani

Mstari mmoja unatosha. Wetu unasema: "Hiki ni kikundi cha watu wanaoishi bila gluteni kwa sababu ya afya, na wanaowapikia." Hatumuulizi mtu karatasi mlangoni. Sehemu ya mwisho niliipigania mimi, kwa sababu mama mkwe anayepika ndiye anayeshika maisha ya mgonjwa mikononi kuliko daktari.

Wapo watakaopinga. Kwa hao nina hadithi moja. Daktari wa watoto Mholanzi, Willem Karel Dicke, alianza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 Uholanzi ilikumbwa na njaa ya vita na mkate ukaadimika. Watoto wake wagonjwa wakapata nafuu. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake kuhusu ngano na ugonjwa ule. Wakati huo hakukuwa na kipimo cha kingamwili. Wagonjwa wa kwanza wa siliaki waliotibiwa kwa kuondolewa ngano walijulikana kwa kutazamwa tu: wakila mkate wanaugua, wakiukosa wanapona. Ushahidi wao ulikuwa kama wa yule mama wa Tanga. Mzee mmoja wa kikundi, mkali kuliko wote, alipoisikia hadithi hii alinyamaza, akaomba tuendelee na ajenda.

Huko Marekani kuna jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1974 katika jimbo la Washington ikajiita Gluten Intolerance Group, yaani Kikundi cha Kutostahimili Gluteni, na ndani yake tangu zamani wamo wenye siliaki. Kuchanganya si jambo tulilolibuni sisi.

Hatua ya 4: Jikoni sheria ni moja, na ni ile kali

Hofu ya wenye siliaki ina msingi. Wanaogopa kwamba mtu anayeweza kumudu kipande cha mkate bila kuharibika utumbo atakuja na mwiko wake, sufuria yake, na uzembe wake. Hofu hiyo haiondolewi kwa maneno matamu. Iondoeni kwa sheria: chakula chochote kinachoingia kikundini kipikwe kana kwamba wote wana siliaki. Hakuna meza ya "wenye nafuu."

Tazameni hesabu yenyewe. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina gluteni ya gramu 2 hivi. Utafiti wa Kiitaliano wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, kwa siku 90, zilitosha kuuchubua tena utumbo wa mgonjwa. Hiyo ni sehemu moja ya arobaini ya kipande cha mkate: makombo yaliyobaki kwenye kibao. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha kuandika "haina gluteni" kwenye pakiti ni kisichozidi miligramu 20 kwa kila kilo ya chakula.

Vyakula vya kwetu vina bahati kubwa na mitego mikubwa. Bahati kwanza: ugali wa mahindi, wa mtama, wa muhogo, wali wa nazi, ndizi za kila namna, uji wa ulezi, viazi vitamu, maharage, samaki wa kupaka, vitumbua na mkate wa kumimina uliotengenezwa kwa mchele mtupu. Meza ya pwani inaweza kujaa bila punje ya ngano.

Mitego sasa. Bokoboko ni ngano yenyewe, na ndugu zetu wa Oman wanaoipika kwa jina la harisi waambiwe hivyo hivyo. Urojo wengi huuzitisha kwa unga wa ngano. Viazi karai huvikwa unga, na mara nyingi ni wa ngano. Bhajia za dengu zinafaa mpaka mpishi aongeze "kijiko tu" cha unga mweupe zishikane. Katlesi huviringishwa kwenye chenga za mkate. Mishikaki iliyolowekwa sosi ya soya ina ngano, kwa kuwa sosi nyingi za soya hutengenezwa nayo. Chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya sambusa zimeshachafuka. Supu ya shayiri ya Ramadhani haimo kabisa.

Mtego uliotuuma sisi ulikuwa unga wa lishe. Dada mmoja alileta uji, akiapa ni ulezi na mahindi. Mfuko aliotumiwa kutoka nyumbani ulikuwa umechanganywa na ngano, kama unga wa lishe ulivyo mara nyingi. Watu wawili waliugua usiku ule. Na hata unga wa mahindi peke yake, ukisagwa kwenye mashine ya mtaani iliyotoka kusaga ngano, unakuja na masalia yake. Anayesagisha achague mashine isiyosaga ngano. Ikikosekana, anunue wa pakiti yenye alama.

Kwa hiyo kila chombo kinachokuja kwetu kina karatasi juu yake yenye viungo vyote, na jibu la maswali matatu: mafuta yalikuwa mapya? sufuria na mwiko vilisuguliwa? unga ulisagwa wapi? Asiyeandika, chakula chake kinabaki kwenye gari. Tulimrudishia mpaka mwenyekiti.

Nilitarajia wasiostahimili walalamike kwamba sheria ni kali mno kwao. Hakuna aliyelalamika. Mmoja aliniambia kwamba tangu aache ngano, hapo ndipo mahali pa kwanza alipokula bila kuuliza.

Hatua ya 5: Chungeni ndimi, pande zote mbili

Kwa wenye siliaki, maneno haya yameondolewa: "wewe huumwi", "siliaki ya kweli", "hiyo ni fasheni ya Wazungu." Anayetaka kueleza uzito wa ugonjwa wake aeleze wake.

Kwa wasio na siliaki nao kuna sentensi moja inayokatazwa: "Ah, mimi hula kidogo mara mojamoja na sidhuriki." Pengine ni kweli kwake. Lakini pembeni amekaa kijana aliyegunduliwa wiki 3 zilizopita, anayetafuta kwa udi na uvumba mtu wa kumruhusu keki ya harusi ya dada yake. Mwenye siliaki anaweza kula na asisikie chochote, na utumbo ukaendelea kuliwa chini kwa chini. Tumbo lake si shahidi wa kuaminika. Tumbo la asiyestahimili ndilo shahidi pekee alilonalo. Tofauti hiyo moja ikieleweka, nusu ya mabishano hufa.

Tumejiwekea desturi ya kuanza na "kwangu mimi." Kwangu mimi, nikila kidogo huona hivi. Inachosha mwanzoni, watu wanacheka, kisha inazoeleka.

Hatua ya 6: Semeni wazi yasiyolingana

Kumpokea mtu hakumaanishi kujifanya mko sawa kwa kila kitu. Zipo haki zinazofuata cheti, na mgeni ajue mapema asije akaona anafichwa. Uingereza, mkate na unga kwa cheti cha daktari, katika maeneo ambayo huduma hiyo bado ipo, ni kwa waliothibitishwa. Italia wagonjwa wa siliaki hupewa posho ya kila mwezi ya kununulia chakula chao. Kanada wanaweza kudai kwenye kodi ile ziada ya bei wanayolipa kwa bidhaa zisizo na gluteni. Asiyestahimili hapati hayo. Kikundi kikiandika barua ya kudai haki kama hizo, tunamweka mbele mwenye siliaki aieleze, na wengine wanaisaini.

Matunzo nayo yanatofautiana. Mwenye siliaki anahitaji kupimwa damu kila mwaka, mifupa kuangaliwa, na wazazi, ndugu na watoto wake kupimwa, kwa kuwa kiasi cha mmoja katika 10 wao hukutwa nao pia. Asiyestahimili hana haja ya kuwasumbua ndugu zake. Yeye anahitaji kitu ambacho mwenye siliaki hapaswi hata kukifikiria: kujaribu tena ngano baada ya muda, akiongozwa na mtaalamu wa lishe, aone kama bado inamsumbua na kwa kiasi gani. Mazungumzo hayo tunayafanya kwenye chumba cha pembeni, nusu saa ya mwisho. Hatumfichi mtu. Ila maneno "jaribu kipande" hayatakiwi kusikika meza kuu.

Hatua ya 7: Hotelini na kwenye shughuli

Lalamiko la zamani: mtu anaagiza chakula kisicho na gluteni, mpishi anahangaika, kisha mtu yule yule anamegua mkate wa mwenzake. Mhudumu akiona hivyo mara mbili, wa tatu atakayekuja na siliaki hatasikilizwa. Tumekubaliana kwamba mwanachama akiagiza hivyo, anakula hivyo mpaka anainuka. Akitaka kujaribu kipande chake, ajaribu kwake.

Kadi yetu ya kumpa mpishi inatumika na wote bila mtu kusema uongo:

"Mwili wangu haupokei ngano, shayiri wala rai, hata chembe. Naomba chakula kisicho na unga wa ngano, mkate, tambi wala sosi ya soya. Kipikwe kwenye sufuria safi kwa mwiko safi, na kisikaangwe kwenye mafuta yaliyokaanga sambusa au maandazi. Ukiwa na shaka niambie tu, sitachukia."

Hilo la mwisho ndilo linalofanya kazi. Mpishi wa kwetu anaona haya kusema hajui, atakuambia "hakina" ili akuridhishe. Mpe ruhusa ya kutojua.

Kwenye harusi na matanga kadi haisaidii, shangazi hasomi kadi. Mpigie siku mbili kabla: "Shikamoo shangazi. Nitakuja, na nitakula wali wako, ila nipakulie mimi kwanza, kabla vijiko havijachanganyika." Kupakuliwa kwanza kunaonekana heshima, na chakula kinakuwa safi. Wasiostahimili ndio walionifundisha hili. Wamekuwa wakijieleza kwa watu wasiowaamini miaka mingi kuliko sisi.

Hatua ya 8: Hostia

Sikuitarajia hatua hii, lakini Wakatoliki wetu wa Bukavu waliiuliza mkutano wa pili. Kanisa Katoliki linataka hostia, kile kimkate cha komunyo, iwe ya ngano, na barua ya Vatikani ya Julai 2003 ilieleza kwamba isiyo na gluteni kabisa haifai, ila yenye gluteni kidogo sana inakubalika. Asiyeweza hata hiyo anaweza kupokea divai peke yake. Kuna hostia zenye gluteni chini ya miligramu 20 kwa kilo. Mwambieni padre mambo mawili: hostia hiyo ikae kwenye chombo chake chenye kifuniko, na kikombe cha divai kiwe cha peke yake, kwa sababu ndani ya kikombe chake yeye hutumbukiza kipande cha hostia ya kawaida. Asiyestahimili huenda akaamua kwamba hostia moja haimdhuru. Ni juu yake na padre wake.

Hatua ya 9: Mtafuteni aliyeondoka

Kila baada ya miezi 6 tunatoa daftari la mahudhurio na kutafuta majina yaliyoonekana mara moja tu. Mtu mmoja anawapigia, na swali ni fupi: "Ulikuja, hukurudi. Tulikukosea wapi?" Wengine walihama, wengine walipona. Baadhi wanasema.

Yule mama wa Tanga nilimpigia mwenyewe, na ilinichukua miezi mingi kuliko 6. Nilimwambia kwamba siku ile nilikuwepo na nilinyamaza. Akasema, "Hata sikumbuki, mwanangu." Anakumbuka. Aliyemjibu vile siku ile naye aliomba namba yake, akampigia, walilozungumza sikuliuliza.

Jumamosi iliyofuata alikuja na vitumbua ndani ya hotpoti, na juu yake karatasi iliyoandikwa kwa mkono: mchele niliosaga mwenyewe kwenye blenda, nazi, sukari, hamira, iliki. Mafuta mapya. Chuma cha vitumbua nimenunua kipya.

Koti alilitundika.